Kompyuta ya mezani haiwaki, inazima au inagandaganda: kusoma dalili na kutafuta kisababishi katika nyumba za Tanga

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko majumbani Tanga ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya au Marekani. Ni mashine imara, na zinapokufa huku mara nyingi uzee pekee hauhusiki. Zinauliwa na umeme unaopanda na kushuka, na hewa ya bahari inayokula shaba, na joto la kaskazi likikuta vumbi limeziba feni. Kila kimoja kati ya hivyo kina dalili zake, na ukizisoma vizuri hutanunua RAM (memori ya kazi) ya kutibu pawa saplai mbovu (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha), wala kubadilisha Windows wakati diski ndiyo inayokufa.

Vifaa vya kazi ni vichache: bisibisi ya nyota, multimita ya kawaida, brashi laini ya rangi ya inchi 1, tochi, klipu ya karatasi, fleshi ya GB 8 na spiriti. Kabla ya kufungua kasha zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kila unapotaka kushika RAM au kadi, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Na pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kuendelea kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anza nje. Chomeka taa ya mezani au chaja kwenye soketi ileile, kisha kwenye ekstensheni ileile. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na ikikatika kompyuta inakuwa kama imekufa. Weka fyuzi ya ampea 5. Usifunge uzi wa waya au karatasi ya sigara badala yake, kwa sababu siku ya shoti kitakachoungua ni waya wenyewe.

Angalia nyuma ya pawa saplai. Za zamani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo kiswichi kikae 230 daima. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo inalia kishindo, inatoa moshi, na kazi ya pawa saplai hiyo imekwishia hapo. Zisizo na kiswichi hicho huwa zimeandikwa 100–240V kwenye lebo na hazihitaji kuguswa.

OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, pamoja na kitaa cha kijani. Kibonyeze waya ukiwa umechomekwa. Kitaa kikiwaka, pawa saplai ni nzima, tafuta tatizo kwingine. Kisipowaka, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, chomoa plagi zote za pawa saplai kutoka kwenye mazabodi (bodi kuu), diski na kadi, kisha rudisha umeme ujaribu tena. Sasa kikiwaka, ujue kuna kifaa kinachopiga shoti ndani. Rudisha kimojakimoja, ukichomoa umeme kila mara, mpaka kitaa kizime. Kisipowaka hata pawa saplai ikiwa peke yake, ibadilishe.

Kwa pawa saplai ya kawaida yenye plagi ya pini 24, pima kwanza waya wa zambarau na mweusi wowote huku umeme ukiwa umewashwa ukutani: lazima pawe na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Hakuna? Pawa saplai imekufa. Zipo? Chomoa plagi hiyo kutoka kwenye mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, na feni yake izunguke. Waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Kipimo kikiwa nje ya hapo usiendelee kuitumia, hata kama mashine inawaka.

Ukienda kununua nyingine, chukua ya zamani mkononi. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8 iliyo ya Dell peke yake, na EliteDesk 800 G1 ya HP inatumia ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii humo bila adapta, na kwenye makasha membamba hata umbo lake halikai.

Pawa saplai ikiwa nzima na bado hakuna kitu, huenda kitufe cha mbele ndicho kibovu. Chomoa waya wake kwenye mazabodi, kisha gusisha pini mbili za PWR kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, umepata ugonjwa.

Nyumba za pwani zina sababu moja zaidi inayosahaulika: wadudu. Sisimizi hujenga ndani ya kasha kwa ajili ya joto, na mjusi akikatiza pini zenye umeme anakufa hapohapo na kuacha njia ya shoti. Safisha kwa brashi kavu, kisha ziba matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi pale kadi ilipoondolewa. Vile vibati vyake vinapatikana kwenye makasha mabovu kwa mafundi.

Ukigusa kasha unatekenywa au unapigwa shoti ndogo

Watu wengi wamezoea hali hii na kuvaa kandambili kama dawa, na ndiyo sababu tunaikalia hapa kwa urefu. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili zinazochuja kelele za umeme, moja kutoka waya wa moto, nyingine kutoka nyutro, zote zikiishia kwenye chuma cha kasha. Zimewekwa kwa kutegemea kwamba kasha limeunganishwa na ethi, yaani waya wa ardhini. Ethi isipokuwapo, kasha linabaki likielea kwenye karibu nusu ya volti za umeme wa ukutani, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenya bila kuua, lakini unatosha kuwasha tesita na kuharibu tundu la HDMI au USB unapochomeka TV au printa.

Ethi hukosekana kwa njia tatu. Plagi ya pini tatu imekatwa pini ya juu, au imebadilishwa kuwa ya pini mbili inayoingizwa kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi. Au ekstensheni yenyewe ina nyaya mbili tu ndani ingawa uso wake una matundu matatu. Zipo nyingi sana, na hujui mpaka uifungue. Au soketi ya ukutani ina tundu la ethi lisilounganishwa na kitu.

Kupima, weka multimita kwenye volti za AC, upimo wa 600 au 750. Moto na nyutro: karibu 230. Moto na ethi: karibu 230 pia. Nyutro na ethi: volti chache tu, chini ya 5. Ukipata namba inayoyumba kama 60 au 110 kati ya moto na ethi, ethi haipo. Kama hujazoea kushika vipimo kwenye umeme wa ukutani, mwite fundi umeme. Kazi hii haimchukui muda.

Pima pia kasha lenyewe na ethi ya soketi nzima ya chumba kingine, kwa kuvuta waya. Karibu 110 ni kuelea tulikokueleza. Ukisoma karibu 230, hilo ni jambo lingine: waya wa moto umegusa chuma ndani. Zima, chomoa, usiguse tena mpaka pawa saplai ibadilishwe.

Dawa ya kudumu ni nondo ya ethi iliyopigwa ardhini nje ya nyumba na waya wa kijani na njano unaofika mpaka kwenye soketi. Baadhi ya nyumba za zamani za Ngamiani nondo ipo lakini kiungio chake kimeliwa na kutu. Kikikwanguliwa na kufungwa kibano kipya, ethi inarudi. Kuna mafundi wanaounganisha ethi na nyutro ndani ya soketi ili tesita izime. Usikubali kabisa. Siku nyutro ikikatika, kasha zima linakuwa na volti 230, na mtoto atakayeligusa hatatekenywa.

Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi

Hakikisha kwanza waya wa skrini umechomekwa mahali sahihi. Kompyuta yenye kadi ya picha ina matundu ya aina mbili nyuma, na mara nyingi yale ya mazabodi yanazimwa kadi ikiwekwa. Badilisha pia waya wa VGA. Pini zake hupinda kwa urahisi. Chagua chanzo sahihi kwenye monita.

Baada ya hapo mshukiwa mkubwa ni RAM, na kwa Tanga sababu kubwa ni hewa. Meno ya RAM na pini za sloti hupakwa dhahabu nyembamba, lakini chini yake kuna metali nyingine, na unyevu wenye chumvi huacha utando juu yake. Kompyuta iliyokaa miezi ya masika bila kuwashwa ndiyo inayopatwa zaidi, kwa sababu mashine inayowaka kila siku hujikausha kwa joto lake yenyewe. Mtu wa Raskazone anayeacha dirisha la upande wa bahari wazi mchana kutwa ataliona tatizo hili mapema kuliko wa Kange, mbali na bahari.

Sikiliza na tazama. Kwenye HP za zamani, kama Compaq 6000 na 8000, kitaa cha kuwashia kikimetameta chekundu mara 5 pamoja na bipu 5, halafu kikatulia sekunde 2 na kurudia, ni RAM. Mara 2 ni prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyopata joto kupita kiasi, mara 4 ni pawa saplai, mara 6 ni kadi ya picha. Kwenye Dell kitaa cha kitufe hugeuka rangi ya chungwa, na baadhi zina vitaa vidogo vya namba 1 hadi 4 vinavyowaka kwa mpangilio. Piga picha mpangilio huo na uulinganishe na kitabu cha modeli yako.

Toa RAM zote. Tazama meno yake kwa tochi: doa la kijani, weupe kama unga wa chumvi, au wekundu wa shaba. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa spiriti isiyo na rangi, ukipata ya asilimia 90 na zaidi ni bora, sugua meno kutoka ndani kwenda ukingoni, pande zote mbili. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 inafaa, ila ina maji, basi subiri dakika 15 ikauke kabisa. Ufutio mweupe wa penseli unatoa utando mgumu, lakini utumie kwa wepesi na mara mojamoja, kwa kuwa unakula dhahabu, na vumbi lake lipukutwe lisiangukie kwenye sloti. Sloti yenyewe isuguliwe kwa brashi kavu pekee. Petroli na manukato hayana kazi hapa.

Rudisha RAM moja tu, kwenye sloti ya kwanza, mpaka vishikio vya pembeni vilie "tak". Washa. Haikubali? Hamisha sloti. Haikubali popote? Jaribu nyingine peke yake. Ukifuata mpango huu utajua kama mbovu ni RAM au sloti, jambo ambalo hulijui ukichomoa na kuchomeka zote pamoja.

RAM zote zikishindwa, toa kadi ya picha na utumie tundu la mazabodi, kisha toa betri bapa ya CR2032 kwa dakika 5 huku waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Hiyo inafuta mipangilio ya BIOS (programu ya kuamshia mashine) iliyovurugika umeme ulipokatika. Bado nyeusi? Angalia kapasita zilizosimama kuzunguka prosesa: juu ziwe bapa. Iliyovimba au kutoa majimaji ya kahawia imekufa, na kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono wa kuchomelea.

Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika

Betri ya CR2032 imekwisha. Ikiwa nzima inatoa volti 3 hivi. Chini ya 2.8 ibadilishe. Kivinjari kikidai kwamba tovuti hazina usalama, hata zile unazoziamini, mara nyingi ni kwa sababu hiyohiyo: tarehe ya kompyuta si sahihi.

Inazima yenyewe

Tofautisha aina mbili. Inayozima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, kama video au mchezo, na ukiiwasha papo hapo inazima haraka zaidi, ina joto. Inayozima au kujiwasha upya bila mpangilio, hata ikiwa imetulia, hasa jioni majirani wote wakiwasha pasi na majiko, ina shida ya umeme au pawa saplai iliyochoka.

Kwa joto, weka programu ya HWMonitor au HWiNFO. Prosesa ikiwa imetulia isome kati ya nyuzi 35 na 50. Kwenye kazi nzito ikae chini ya 80. Prosesa nyingi za Intel hupunguza kasi zenyewe zikikaribia 100, kwa hiyo kabla ya kuzima utaona kwanza mashine imekuwa nzito. Chumba cha nyuzi 32 kinaongeza nyuzi hizohizo kwa kila kitu kilichomo ndani ya kasha, na ndiyo maana mashine iliyovumilia Julai inaanza kuzima Januari.

Toa kasha nje ya nyumba, shika feni kwa kidole isizunguke, piga vumbi kwa brashi. Kati ya feni na mapezi ya heatsinki (chuma kinachopoza prosesa) mara nyingi utakuta blanketi la vumbi na nywele lililoshikana kwa unyevu. Hewa haipiti hapo hata feni ikivuma. Livute kwa kibanio, usilisukume ndani. Mashine yenye zaidi ya miaka mitano badilisha na themo pesti, ile krimu iliyo kati ya prosesa na heatsinki. Washa mashine dakika 5 ipate joto kidogo, zima na uchomoe, zungusha heatsinki kulia na kushoto taratibu kabla ya kuinua, kwa sababu krimu iliyokauka hushika kama gundi. Futa pande zote mbili kwa spiriti mpaka chuma king'ae. Weka tone moja, ukubwa wa punje ya choroko au zaidi kidogo, katikati ya prosesa, ubane skrubu kwa kukatiza pembe kwa pembe. Krimu nyingi haiongezi baridi, inachuruzika tu pembeni.

Kwa umeme, pima volti ukutani saa 1 usiku na saa 5 usiku. Ukiona zinashuka chini ya 190, stebilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) inahitajika. Lakini hatari kubwa ni ule muda umeme unaporudi. Umeme ukikatika zima swichi ya ukutani, na ukirudi ngoja dakika 2 au 3 kabla ya kuwasha, hata kama una kazi ya haraka.

Inagandaganda, inachukua dakika nyingi kuwaka

Usianze kwa kufuta Windows. Anza kwa CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, na usome mistari minne. 05 inaonyesha sehemu za diski zilizokufa na kuhamishwa. C5 ni zile zinazosubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Namba katika hizo ikiwa zaidi ya sifuri na ikiongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Acha kila kitu, nakili picha na hati kwenye diski nyingine leo, ukianza na visivyopatikana tena. Usifanye matengenezo ya diski kwa amri za kusaka makosa kabla ya kunakili. Usomaji huo wa saa nyingi unaweza kuimaliza.

Mstari wa nne ni C7, na huo unawaokoa wengi. C7 ikipanda peke yake wakati 05 na C5 ni sifuri, diski haina kosa: waya wa SATA, unaounganisha diski na mazabodi, ndio mbovu au umelegea. Badilisha waya, ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya kasha. Namba ya zamani haitafutika, tazama tu kama inaendelea kupanda.

Mistari yote ikiwa safi na bado mashine ni nzito, fungua Task Manager. Diski ikisoma asilimia 100 huku prosesa ikipumzika, diski ni ya kizamani inayozunguka, na hapo dawa ni SSD (diski ya chipu isiyozunguka). Memori ikiwa juu ya asilimia 85 ukiwa na kurasa chache tu za intaneti, dawa ni RAM.

Skrini ya bluu isiyo na mpangilio

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, ujaribu RAM. Jaribio hilo huachia makosa mengine. La kuaminika zaidi ni MemTest86 kutoka kwenye fleshi, likimaliza mizunguko yake minne, ikiwezekana usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu RAM. Ila kabla ya kuitupa, safisha meno yake kama tulivyoeleza na urudie.

Kuongeza nguvu: kipi kwanza

Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua SSD. Kompyuta ya prosesa ya i3 kizazi cha nne yenye SSD inaonekana nyepesi kuliko i7 yenye diski inayozunguka, kwa kuwa kinachokuchosha ni kusubiri diski itafute faili ndogondogo. Ya inchi 2.5 ya SATA inafanya kazi kwenye karibu kila mashine iliyotajwa hapa. GB 240 zinatosha Windows na programu, na diski ya zamani ikiwa nzima inabaki ya kuhifadhia. SSD za M.2 zenye umbo la kipande cha chingamu ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na zinafanana kwa macho. Angalia kitabu cha mazabodi kabla ya kununua.

Kunakili kila kitu kama kilivyo, Clonezilla ni ya bure, ila SSD isiwe ndogo kuliko diski unayonakili. Diski yenye dalili za C5 tusingeinakili hivyo. Tungeweka Windows upya na kurudisha hati peke yake. Menyu ya kuchagua fleshi ya kuwashia ni F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP. Dell mara nyingi huwa na mpangilio wa diski uitwao RAID On. Ukiubadilisha kuwa AHCI, ubadilishe kabla ya kuweka Windows. Ukibadilisha baadaye, mashine itawaka na kukupa skrini ya bluu ya kutoona diski. Leseni ya Windows 10 au 11 iliyokwisha kusajiliwa imefungwa kwenye mazabodi, kwa hiyo kubadilisha diski hakuifuti.

Jihadhari na SSD na fleshi za uongo zinazojitangaza TB 2 kwa bei ya mchekea. Zijaze zote kwa programu ya H2testw kabla ya siku za kurudisha mali kwisha. Ya uongo itaonyesha ukubwa wake wa kweli.

RAM inafuata. OptiPlex 9020, EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 7010 ya zamani ni DDR3. EliteDesk 800 G2 na OptiPlex 7050 ni DDR4. Haziingiliani, pengo la meno liko mahali tofauti, na kulazimisha kunavunja sloti. Soma herufi ya mwisho kwenye lebo: PC3-12800U ndiyo ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, na R ni ya seva. RAM za R huuzwa rahisi na zinaingia vizuri kwenye sloti, lakini mashine ya nyumbani haiwaki nazo. Weka mbili za ukubwa sawa kuliko moja kubwa, kwenye sloti za rangi moja, ili zifanye kazi kwa pamoja. Na kama Windows ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16.

Prosesa si lazima kwa wengi. Anayeitaka abaki kwenye soketi yake (kiti cha prosesa kwenye mazabodi): kizazi cha pili na cha tatu ni LGA 1155, cha nne ni 1150, cha sita na cha saba ni 1151. Cha nane na cha tisa kinaitwa 1151 pia lakini hakikubali mazabodi za cha sita. Pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama unywele. Shusha prosesa wima bila kuiburuta.

Kwa kadi ya picha, soma kwanza lebo ya pawa saplai. Makasha membamba mengi yana wati 240 hivi, na yanataka kadi fupi ya kimo. GT 1030 inatumia wati 30 na inakaa bila wasiwasi. Sloti yenyewe haitoi zaidi ya 75, hivyo kadi yoyote inayohitaji waya wake wa ziada waachie wenye makasha makubwa.

Kuhusu Windows: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, kama ya OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Mwenye kizazi cha nne asitumbukize fedha nyingi kwenye prosesa na kadi. SSD na RAM ya GB 8 zinatosha, na Linux Mint inakwenda vizuri juu yake na inaendelea kupata masahihisho ya usalama.

UPS inayozima pamoja na umeme

UPS ni kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika; kikizima papo hapo, betri yake imechoka. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba betri ya volti 12, Ah 7, na kwenye joto la hapa haidumu sana; fungua kifuniko cha chini, soma lebo, nunua yenye namba zilezile na uangalie nyekundu iende kwenye chanya. Betri mpya ikiwekwa na bado kompyuta inazima umeme unapokatika wakati monita inabaki inawaka, UPS hiyo inatoa wimbi la mraba ambalo baadhi ya pawa saplai mpya hazilipendi. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuilaumu. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, inavuta mkondo mkubwa kila inapopasha moto. Na kompyuta yenyewe iinue sakafuni kwa kibao cha inchi 4, mbali na dirisha la upande wa bahari, ikiwa na nafasi ya kiganja nyuma yake kwa hewa kutoka. Kipindi cha masika iwashwe japo saa moja kila siku mbili, hata kama huna kazi nayo.